Nina Sauti, na Nyumbani Wanadhani Mimi ni Bubu

Mama Abuu, mshauri wetu wa kila Jumapili, naomba uivumilie barua yangu hata kama ni ndefu, maana mimi ni mzee na mgonjwa, na sidhani kama nitapata nguvu ya kuandika ya pili.

Ni mwalimu mstaafu, naishi Lupaso, wilaya ya Masasi, na nimevuka miaka sabini na tano. Majina ya watu wangu nimeyabadilisha, na la kwangu naomba uniruhusu nisiliandike. Miaka michache iliyopita madaktari wa Dar es Salaam waliniondoa koromeo lote kwa sababu ya saratani, na tangu hapo napumua kwa tundu lililo chini ya shingo, hapa kwenye kifungo cha kwanza cha shati, na hewa ya mapafu haipiti tena mdomoni wala puani, kwa hiyo siwezi kupuliza chai ya moto, sinusi mchuzi ukiungwa, wala sitoi sauti kama mnavyotoa ninyi. Watu wote wa kwetu, kuanzia ndugu zangu mpaka vijana wa bodaboda pale njia panda, wanajua mzee ni bubu, anaandika kwa chaki kwenye kibao. Mama Abuu, si kweli. Sauti ninayo. Nimekaa nayo muda mrefu sasa, na huku nyumbani anayeijua ni mke wangu peke yake.

Kwanza nikueleze nilivyoipata, maana hata leo nikiikumbuka siku ile nastaajabu. Nilikuwa nimerudi hospitali kuangaliwa kidonda, nikaketi kwenye benchi karibu na mama mmoja aliyefunga kitambaa shingoni kama changu, mtu wa Kitangari, mwenyekiti wa kijiji chake, nitamwita Winfrida. Nikamwandikia, "Na wewe wamekukata?" Akakisoma kibao, akanitazama juu hadi chini, akanijibu kwa mdomo, nami nikadondosha chaki. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, inatoka kwa mafungu mafupi mafupi, lakini kila neno lilisikika hata kwa waliokaa benchi la nyuma.

"Wamenikata, baba. Lakini ulimi wameniachia. Wako wameondoka nao?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi unaandika nini? Shingoni kulikuwa na mlio tu. Maneno ni ulimi, meno na midomo. Nenda katafute mlio mahali pengine."

Nikamwandikia, "Wapi?"

"Pale chakula kinapopita," akasema, akajipiga kifua, akaongeza, "Nilipotoka hospitali mara ya kwanza sina sauti, kijijini walinipita kwenye foleni ya maji kama vile ndoo yangu haina mwenyewe. Sasa hivi nikifungua mdomo tu, wananipisha wote mpaka bombani. Wanaogopa!" Akacheka, na kicheko chake hakikuwa na sauti, mabega tu yakicheza, lakini benchi zima tulicheka naye.

Kijana wa hospitali anayefundisha wagonjwa kusema upya, Nurdin, ndiye aliyenifafanulia zaidi. Alinionyesha kifaa cha umeme cha kushika mkononi mfano wa tochi, ukikigusisha shingoni kinanguruma na wewe unauchonga ule mngurumo kwa ulimi uwe maneno, japo yanatoka ya namna moja, hayapandi wala hayashuki. Akanieleza pia kwamba wapo wanaowekewa vali ndogo kati ya njia ya hewa na umio, wakaziba tundu la shingo kwa kidole gumba na hewa ya mapafu ikapita kwenye umio, nao husema sentensi ndefu kwa pumzi moja, ila vali inachakaa na inabadilishwa hospitali, na mimi natoka Lupaso. Njia ya tatu ni ya Winfrida. Hewa unaisukuma kwa ulimi kutoka mdomoni mpaka juu ya umio, na kabla haijateremka tumboni unairudisha, na ikirudi inatetemesha nyama za hapo mwanzo wa umio, na mtetemo huo ndio mlio. Yaani ni mbweu, Mama Abuu. Mbweu iliyopelekwa shule.

Nilichagua hiyo. Wiki za mwanzo sikupata kitu zaidi ya "pa", tena moja kati ya majaribio mengi, na tumbo likajaa hewa mpaka likauma. Lakini Nurdin alisema herufi kama p, t na k zenyewe husaidia kuingiza hewa, kwa hiyo nianze na maneno yake, na mimi niliyefundisha watoto wa watu kusoma kwa silabi nikarudi kwenye silabi, nikiwa peke yangu shambani, pa, ta, ka, nikiwasomea mikorosho. Siku moja ya msimu mke wangu Anjelina alikuwa ametangulia mbele akiokota korosho, ameliacha kapu nyuma, na mimi bila kufikiri nikasema, "Kapu!"

Akasimama. "Nani huyo?"

"Kapu," nikarudia.

Aliziachia korosho zote zilizokuwa kwenye kanga, akaja akanishika uso kwa mikono inayonuka mabibo, ingawa harufu yenyewe niliikumbuka tu, sikuisikia. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee mzima! Nimekungoja muda wote huu, nikasema akirudi atarudi na neno la mapenzi, unanijia na kapu?"

Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza, shambani tukiwa wawili tu. Namwambia habari za shule, ananiambia za kanisani, tunabishana kama zamani. Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba hata sasa mapafu yangu yanapochoka, sauti hii haichoki nayo, kwa sababu haikopi hewa kwao. Nimekaa nikalitafakari sana hilo. Mwili unanyang'anywa mlango, unatafuta dirisha lisilokusudiwa kazi hiyo kabisa, na mtu anapita humo na maneno yake yote. Winfrida anaendesha mikutano ya kijiji kwa dirisha hilo, anatatua ugomvi wa mipaka, anakemea, anatania. Mimi namheshimu mama yule kuliko wasemaji wengi niliowahi kuwasikia majukwaani.

Sasa nikuambie kwa nini nimejificha. Katika ukoo wetu binti ni wa mjomba. Siku ya kumtoa, wazee wa upande wa mume huuliza mbele ya watu kama binti huyu ana mwenyewe, na mjomba husimama akajibu kwa kinywa chake kwamba mwenyewe ni yeye, na anamtoa kwa moyo mweupe. Neno hilo lazima litoke safi. Mjomba akibeua katikati yake, wazee wetu husema neno limekataliwa na waliotangulia, na shughuli husimama mpaka lisemwe upya siku nyingine. Na si harusi tu, ndivyo wanavyosema kwa kila neno la baraka. Sasa mimi nilipojiona nimeiva, nikataka kuwashangaza ndugu zangu, nikachagua chakula cha Pasaka ambapo mkubwa wa nyumba huombea chakula. Nikasimama, nikasukuma hewa, nikatoa neno la kwanza. Mama mdogo Dominika, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, akafunika sahani yake kwa kiganja. "Limekataliwa," akasema. Na mimi, Mama Abuu, badala ya kuendelea mpaka waelewe kwamba nasema, nikajishika tumbo na kutabasamu kama mtu aliyezidiwa na gesi. Mama mdogo akanihurumia, akaniletea maji ya tangawizi. Nikayanywa mpaka mwisho. Anjelina alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa mkeka, na nilishindwa kumtazama.

Tangu siku ile sijafungua mdomo mbele ya watu.

Na sasa Yasinta anaolewa. Ni binti wa marehemu dada yangu, amelelewa mikononi mwangu na anaishi nyumbani kwangu mpaka leo, na mwanamume ni kijana wa Newala, wazazi wake watu waungwana. Tulikaa kikao cha familia, na mdogo wangu Kasiani, ambaye tangu nipasuliwe huongea na mimi kwa kelele kama vile walinitoa masikio, akaniinamia:

"KAKA! SIKU YA KUMTOA NITAKUSEMEA MIMI! UMESIKIA?"

"Amesikia, hata Newala wamesikia," Anjelina akasema.

Yasinta akasema taratibu, "Mjomba Kasiani, nakuheshimu. Lakini aliyenilea ni mjomba mkubwa. Neno liwe lake. Hata akigonga kibao chini mara moja, mimi nitaridhika."

"Kibao! Watu wa Newala watatuimba!"

"Watuimbe," Yasinta akamjibu. "Wakiimba vizuri tutawapigia na ngoma."

Wakanigeukia mimi. Nilikuwa na jibu mdomoni, hewa tayari iko mahali pake, na nikamkubalia Kasiani kwa kichwa. Yasinta akanitazama kidogo, halafu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ugonjwa umerudi, Mama Abuu, safari hii uko mapafuni. Daktari ameniambia ukweli kwa upole. Mvua hizi naweza kuzimaliza, zijazo sizihesabu. Harusi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nikisema, neno langu lote ni mbweu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na nikisimamishwa mbele ya wageni shughuli itaahirishwa hadi siku nyingine, na siku nyingine mimi sina. Nikinyamaza, mtoto wangu atatolewa na kinywa cha mwingine na mimi nimekaa palepale na sauti yangu, na nikifa watasema mzee aliondoka kimya, na utakuwa uongo niliowaachia mwenyewe. Anjelina ameshasema chake: "Mimi nimechoka kuolewa na bubu wa kujifanya." Niseme, au niende nayo kaburini? Naomba unijibu upesi.

Mwalimu Mstaafu, Lupaso

MAMA ABUU ANAJIBU

Shikamoo, Mwalimu. Nimeitanguliza barua yako mbele ya nyingine zote, na wenye zao watanisamehe. Pole kwa ugonjwa uliorudi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimesimama, na nilipofika penye kapu nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuchungulia.

Baada ya heshima hiyo, niruhusu nikugombeze, maana wewe ni mkubwa wangu na hakuna mwingine atakayethubutu.

Sauti ya Winfrida unaisifu, unasema wazi unamheshimu kuliko wa majukwaani. Ya kwako, ambayo ni ileile, imetoka palepale kwa kazi ileile, unaiita gesi na kuinyweshea tangawizi. Mwalimu! Hivi ungempokea mwanafunzi aliyejifunza kwa taabu namna hiyo, siku ya mtihani akajishika tumbo? Unastaajabia dirisha, halafu unalifungia pazia wewe mwenyewe. Na mama mdogo usimtupie lawama. Yeye hakukataa neno lako. Hajui kama ulisema neno. Alisikia mbweu akahukumu mbweu, kama alivyofundishwa, na wewe ukampa ushahidi wa uongo kwa tabasamu. Tangawizi ile ilikuwa ya upendo, na wewe uliipokea kwa udanganyifu. Hilo ndilo linalokuuma, siyo saratani.

Sasa hebu tuizungumze mila yenu, kwa adabu, maana mimi si wa ukoo wenu. Ulivyoniandikia, neno hukataliwa mbweu ikilikatiza. Mtu anasema, tumbo linaingilia, neno linavunjika. Kwako wewe hakuna kinachoingilia. Mbweu ndiyo inayolibeba neno kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi naona hayo ni mambo mawili tofauti, lakini uamuzi si wangu wala wako. Ni wa mama mdogo Dominika, na hajaulizwa. Kosa lako ni kwamba umemwogopa mzee wako badala ya kumweleza, ukaenda kuomba hukumu kwa mtu wa gazeti.

Kwa hiyo jibu langu ni useme. Lakini usimshtukize mtu tena. Umeshajaribu kuwashangaza Pasaka, umeona kilichotokea. Siku ya harusi isiwe siku yao ya kwanza kuisikia.

Nenda kwa mama mdogo wiki hii, wewe na mke wako, mchana, akiwa ameshakula na hana wageni. Anjelina atangulie kumweleza kwamba hewa yako inaingilia shingoni na haifiki mdomoni, amwonyeshe tundu bila kuona haya. Halafu useme naye. Umwite mama, umsalimie, umwombe radhi ya ile tangawizi. Mshike mkono uuweke chini ya kidevu chako wakati unasema, asikie kwa vidole kinachotetemeka. Kama Winfrida anaweza kuteremka kutoka Kitangari, mwite awepo. Mwenyekiti anayepishwa mpaka bombani ataweza kukaa na bibi mmoja wa ukoo wakaelewana. Wawili mkisema mbele yake kwa sauti ya aina moja, ataona kwamba huo ni usemi, watu wanajifunza na kufundishana. Akikubali, umwombe yeye mwenyewe awatangazie wazee wa pande zote mbili kabla ya siku kufika. Neno lake litakufungulia njia kuliko la daktari yeyote.

Na akikataa? Basi utakuwa umekataliwa ukiwa unasema, siyo ukiwa umenyamaza, na Kasiani atasema mbele ya watu kama mlivyopanga. Lakini hata hapo Yasinta umwambie neno lako faragha, kwa kinywa, asubuhi ya siku hiyo. Hakuna mila inayokukataza kuongea na mtoto uliyemlea chumbani kwako.

Kasiani naye usimwache aaibike. Huenda ameshawaambia watu wa Newala kwamba huna sauti, na kama ni hivyo alisema kwa nia njema, kwa kuwa ulimkubalia. Mwombe msamaha kabla hajasikia kwa wengine. Kisha mpe kazi inayomfaa. Ana kelele, umesema mwenyewe. Yeye ndiye anyamazishe ngoma na vigelegele, na ukishasema wewe, ayarudie maneno yako kwa walioko nyuma. Utakuwa msemaji, naye atakuwa kipaza sauti.

Kuhusu neno lenyewe, lifupishe. Wewe ni mwalimu, unajua sentensi fupi haimpotezi mtu. "Mwenyewe ni mimi. Namtoa." Inatosha. Jizoeze nayo shambani kila siku mpaka itoke bila kutafutwa. Siku hiyo kula kidogo, kunywa maji taratibu, keti kama miguu imechoka, maana walioagiza usimame hawakukuagiza uanguke. Ukihitaji kuvuta hewa katikati, vuta, wasubiri. Kama kipaza sauti kipo, kiwekwe karibu kabisa na mdomo, siyo karibu na tundu, la sivyo watu watasikia pumzi tu. Na kwa kuwa ugonjwa uko mapafuni, muulize daktari wako kabla ya siku hiyo kama mwili unaweza kustahimili shughuli nzima. Mimi ni mshauri wa mambo ya nyumbani, mapafu siyajui.

Anjelina nampa heshima zangu. Amelinda siri asiyoipenda, tena bila kukuaibisha. Usimwongezee mzigo huo hata siku moja zaidi. Akibaki mjane, ana haki ya kukaa na watu waliokujua ukisema, wakakumbushana naye ulichosema.

Umeniuliza kama uende nayo kaburini. Mwalimu, sauti hiyo umeipata kwa silabi, umri ukiwa umekwenda, mwili ukiwa na kidonda. Watu wengi wenye makoromeo mazima hawajawahi kusema neno moja kwa bidii kama hiyo. Mimi naisifu, na wasomaji wangu wataisifu, lakini sisi hatuolewi Jumamosi.

Najua ukurasa huu unausoma nyumbani, pengine umeketi kibarazani, na Yasinta hayuko mbali. Kabla ya mama mdogo, kabla ya Kasiani, anza na yeye. Kibao kiache ndani. Weka gazeti chini sasa hivi, umwite jina lake.